Fimbo ya kukunja na muline wake: kinachofaa na cha kutupa kwa tilapia wa joto la Oktoba

Madukani Lubumbashi kifurushi hiki unakitambua ukiwa ng'ambo ya barabara: mkoba mweusi wa kitambaa wenye zipu, na ndani yake fimbo inayojikunja mpaka inaingia kwenye mfuko wa mgongoni, muline mmoja (kile kifaa cha kukunjia uzi kwa kuzungusha mkono), bobini iliyokwisha kujazwa uzi wa rangi, na kisanduku cha plastiki chenye ndoano, maboya, risasi na samaki wa mpira. Jina la kiwanda hubadilika kila shehena, lakini vitu vya ndani ni vilevile. Wengi hukinunua mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza, joto linapokuwa kali na mtu anatafuta sababu ya kwenda penye maji.

Tuseme mapema. Fimbo inastahili pesa. Muline unavumilika ukitengenezwa kidogo. Uzi na ndoano ni vya kutupa siku hiyohiyo. Na kwa ile kazi yenyewe inayowafanya watu wakinunue, yaani kuloba tilapia kwenye maji ya kina kifupi ya ziwa Tshangalele, ya mabwawa ya Kipopo au ya mashamba, mwanzi mkavu wa mita 4 bado unaishinda fimbo hii kwa urefu na kwa ukimya. Fimbo inashinda penye matete mapana, ambapo samaki yuko mita 12 kutoka ukingoni, na inashinda kwenye basi.

Mwambie muuzaji: "Papa, tufungue kwanza tuone." Akikataa, aga kwa heshima uende duka la pili, mzigo ni uleule. Bei ya kwanza anayotaja si bei, ni salamu.

Anza na fimbo. Ivute kuanzia kipande chembamba cha ncha, kisha kinachofuata, hadi kile kinene cha karibu na mkono. Ukianza na kinene, vipande vyembamba vinabaki vikining'inia ndani na mtu huishia kuvivuta kwa kushika pete, na pete hizo zimeshikwa kwa gundi tu. Kila kipande kivute kwa nguvu ya vidole, ukikizungusha kidogo sana mpaka kikaze. Panga pete zote mstari mmoja, halafu tazama kutoka kwenye mpini kama fundi anavyotazama ubao. Ncha ikipinda upande mmoja bila mzigo, chukua nyingine. Itikise polepole: ukisikia vipande vinagongana ndani, viungo vimelegea na vitazidi kulegea.

Baadaye chukua kipande kidogo cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete ukikizungusha. Pamba ikiacha nyuzi zake mahali fulani, pete ina ufa au ukingo mkali, na hapo ndipo uzi wako utakatika siku ya samaki mkubwa. Mtihani huu hauchukui dakika moja, na ndio unaofichua kasoro nyingi zaidi katika vifurushi hivi. Pete ya ncha ndiyo ya kuangaliwa mara mbili, kwa sababu ndiyo inayobeba msuguano mkubwa.

Kuhusu kaboni iliyoandikwa ubavuni, usiihesabu. Fimbo nyingi za bei hii ni nyuzi za kioo zilizopakwa rangi nyeusi, na kwa kazi yetu hilo si kosa. Nyuzi za kioo ni nzito zaidi, zinapinda sana, lakini zinasamehe kugongwa na mlango wa gari kuliko kaboni, na kule kupinda kunalinda uzi mwembamba tilapia anapojitupa ghafla kwenye majani. Kaboni ya kweli hufaa mtu anayerusha chambo bandia siku nzima na kutaka kuhisi kila mguso. Kuna ubaya wake mwingine ambao tutaurudia tukifika kwenye radi.

Urefu: vifurushi huja vya mita 1.8, 2.1, 2.4 na 2.7. Watu huchagua kifupi kwa sababu kinapendeza mkononi. Chagua kirefu. Kwenye maji yenye kina cha nusu mita hadi mita moja na nusu, samaki anakuona na anahisi hatua zako, kwa hiyo unasimama nyuma ya ukingo hatua mbili au tatu, na fimbo fupi haifikishi uzi juu ya matete bila kuunasa.

Sasa muline. Ubavuni mwake huandikwa idadi ya beringi, mara nyingi kumi na kitu. Usibishane na muuzaji; zungusha mkono mara ishirini tu. Sikiliza kama kuna mkwaruzo unaojirudia kila mzunguko mahali palepale: hilo ni jino la gia lililoumbwa vibaya na halitapona kwa grisi. Fungua upinde wa waya, ufunge kwa mkono, mara kadhaa. Spirinki ikiwa legevu upinde utajifunga wenyewe katikati ya kurusha na boya lako litaondoka peke yake. Halafu angalia kile kigurudumu kidogo ambacho uzi hupita juu yake. Lazima kizunguke ukikisukuma kwa kidole. Katika miline ya bei hii mara nyingi hakizunguki, na hapo uzi unasuguliwa palepale mpaka unakuwa na manyoya, tena unajisokota. Tone moja la mafuta ya cherehani, ukizungusha kwa kucha, mara nyingi hukifungua. Usitumie mafuta ya kupikia wala mawese. Baada ya wiki chache yanaganda yakawa gundi, na vumbi jekundu la Katanga likiingia humo muline unakuwa mashine ya kusagia.

Breki ya mbele, kile kifundo cha kuzungusha, ndiyo sehemu isiyoeleweka zaidi. Watu huikaza mpaka mwisho wakidhani wanazuia samaki asikimbie. Kazi yake ni kuachia uzi kabla haujakatika. Ipangwe iachie kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Kama uzi unabeba kilo 4, chukua chupa ya lita 1 iliyojaa maji, ambayo ni kilo 1, ifunge kwenye uzi unaotoka moja kwa moja kwenye muline, uinyanyue: breki ianze kuachia polepole, bila kushtuka. Ikiwa inakwama kisha inaachia kwa kuruka, fungua kifundo, toa visahani vyote ukikumbuka mpangilio wake, vipanguse vikauke na upake grisi kidogo kabisa. Wakati wa kurudi nyumbani ilegeze, maana visahani vilivyobanwa wiki nzima hugandamana.

Kosa lingine la muline linatoka mkononi: kuzungusha mpini wakati breki inaachia. Kila mzunguko wa namna hiyo unausokota uzi, na baada ya samaki wawili una fundo kubwa ambalo halifunguki. Samaki akivuta, acha avute. Akipumzika, inua fimbo taratibu, kisha zungusha ukiwa unaishusha. Usiipitishe fimbo nyuma ya kichwa samaki akiwa miguuni; hapo mzigo wote unakuja kwenye kipande cha ncha na ndipo fimbo nyingi huvunjika.

Uzi wa kwenye bobini. Huu tunasema utolewe wote. Umekaa umejiviringisha muda mrefu kwenye joto la kontena na la dirisha la duka, na ukiuachia unaruka kwa miviringo kama ulivyolala. Kilo zilizoandikwa kwenye lebo pia huwa za matumaini. Nunua nailoni ya milimita 0.22 hadi 0.25 kwa tilapia. Hiyo hubeba takriban kilo 3 hadi 4 ikiwa kavu, na kidogo pungufu ikishalowa. Kwa kambale nenda 0.35 hadi 0.40. Jaza bobini mpaka ibaki milimita 2 kufika ukingoni. Ukijaza kidogo, uzi unasugua ukingo na boya halifiki mbali. Ukijaza kupita kiasi, miviringo inamwagika kwa pamoja. Wakati wa kujaza, pitisha uzi kwenye kitambaa kilicholowa ukiubana kwa vidole, ili ukae ukiwa umekaza. Na usiache muline kwenye kioo cha mbele cha gari. Jua huila nailoni hata kama haijavuliwa nayo siku moja.

Ndoano za kisandukuni zina mtego wake. Katika hesabu ya Wazungu namba ikikua ndoano inakuwa ndogo, 10 ni ndogo kuliko 6. Vifurushi vingi kutoka China hufuata hesabu nyingine ambamo 12 ni kubwa kuliko 3. Mtu aliyeambiwa na jamaa yake "tumia namba 10 kwa tilapia" anachukua 10 ya kisandukuni na kupata ndoano ya kambale. Achana na namba, pima mwanya kati ya ncha na shina: milimita 5 hadi 7 kwa tilapia, ambaye mdomo wake ni mdogo na anaonja kabla ya kumeza, milimita 12 na kuendelea kwa kambale. Ukali upime kwenye ukucha wa kidole gumba: ncha ikiteleza ni butu, ikijishikilia ni nzuri. Kati ya ndoano za kisandukuni nyingi huteleza, na chuma chake hunyooka kama waya wa ua.

Fundo: pitisha uzi kwenye tundu, uzungushe ncha yake juu ya uzi mkuu mara 5 au 6, irudishe ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ipitishe ndani ya kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza lowesha kwa mate au maji. Ukikaza pakavu, msuguano unaunguza nailoni na fundo linakatika kwa nusu ya uzito. Acha mkia wa milimita 3.

Boya la kifurushi ni tufe jekundu na jeupe lenye ukubwa wa yai dogo. Kwa ziwa la mawimbi linafaa. Kwenye maji yaliyotulia ya kina kifupi, likianguka tilapia wote wa mita tano kuzunguka wanaondoka, na likibaki juu wanahisi uzito wake wanapolivuta na kuacha chambo. Tengeneza boya lako kwa shina kavu la tete, urefu wa sentimita 12, unene wa penseli, ncha zote mbili zimezibwa kwa nta ya mshumaa. Au kata ukanda wa mpira wa kandambili ya zamani. Ongeza risasi ndogondogo moja moja mpaka ibaki sentimita 1 tu juu ya maji. Sentimita hiyo ndiyo inayokuambia kila kitu: ikizama, vuta; ikinyanyuka na kulala ubavu, samaki ameinua chambo kutoka chini, vuta vilevile. Risasi zibane kwa koleo, si kwa meno. Ni sumu, na haitoki mwilini kirahisi.

Samaki wa mpira na vile vijiko vya kumeremeta vilivyomo kisandukuni viliundwa kwa maji mengine. Ndiyo maana juu ya baadhi ya mikoba hii kuna picha ya trauti, samaki wa madoadoa wa mito baridi. Trauti hupendelea maji ya digrii 10 hadi 16. Yakipita 20 anataabika, na kwenye 25 hivi anaweza kufa. Wanaomvua kwa kiasi huacha kabisa siku za joto, kwa sababu hata akirudishwa majini hapati pumzi ya kupona. Afrika Mashariki yupo kwenye mito ya milimani Kenya, alikopelekwa mwanzoni mwa karne ya 20, na hajawahi kuwa samaki wa mto wetu wa Lufira. Tilapia wetu ni kinyume chake: digrii 25 hadi 30 ndizo zake, na wengi wao hula mwani, majani na matope laini, wala hawana haja ya kukimbiza kijiko cha chuma. Weka kando vijiko viwili vidogo kwa ajili ya samaki wa meno wa jamii ya Serranochromis, wanaovizia pembeni mwa matete. Vingine wape watoto wachezee, baada ya kung'oa ndoano.

Lakini kanuni moja inawahusu trauti na tilapia sawasawa, na ndiyo inayoamua siku yako kuliko kifurushi chochote. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Kwenye usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi ya digrii 20 hubeba miligramu 9.1 kwa lita. Ya digrii 30, 7.6 tu. Nyanda zetu ziko juu, zaidi ya mita 1,000, na hilo linapunguza tena sehemu moja ya nane hivi. Halafu kuna majani. Mchana majani na mwani hutoa oksijeni, usiku huitumia. Kwa hiyo kwenye bwawa lenye mwani mwingi, saa ambayo oksijeni iko chini kabisa ni alfajiri, ile ambayo kila mtu anaisifu kuwa saa ya samaki. Ukifika saa kumi na mbili asubuhi ukakuta tilapia wanahema juu ya maji, midomo nje, usirushe. Hawatakula. Subiri jua lifanye kazi hadi saa mbili au saa tatu.

Penye maji yanayotembea, mfano mahali kijito kinapoingia, au penye mkondo wa zamani wa mto chini ya ziwa, alfajiri ni nzuri kama wanavyosema. Tshangalele ina vyote viwili: ni ziwa lililozaliwa bwawa la Mwadingusha lilipojengwa kwenye mto Lufira kuelekea mwaka 1930, sehemu kubwa yake ni tambarare yenye maji haba na majani, lakini njia ya kale ya mto bado ipo huko chini, na mchana wa joto samaki wakubwa hujisogeza huko. Tafuta njia hiyo kwa kupima kina: funga risasi nzito kwenye ndoano, sogeza boya juu ya uzi mpaka lisimame wima, rusha sehemu mbalimbali. Boya likizama ghafla ulipozoea kuliona, umeupata ukingo. Kati ya saa tano na saa tisa usivue popote pengine isipokuwa hapo, au kwenye kivuli cha mayungiyungi.

Chambo hakina siri nyingi. Bukari (ugali) baridi, gramu 200, ikandwe na kijiko cha unga wa muhogo mpaka isishike vidole, vidonge vya ukubwa wa dengu. Kwenye maji ya moto huyeyuka haraka. Changanya nyuzi chache za pamba na zitakishikilia. Minyoo huenda na kambale pia, ila ikae kwenye kopo lenye udongo mbichi kivulini, la sivyo saa nne umebaki na uji. Pumba za mahindi rusha kiasi cha chungwa, mara moja kila nusu saa. Ukizidisha unawashibisha, na vidagaa vinakuja kukunyonyoa ndoano.

Sasa tatizo litakalokupata hakika: fimbo kukataa kukunjika. Sababu ni mbili, mchanga kwenye viungo, au kipande kilichokazwa kwa kuzungushwa mno asubuhi kikapanuka juani. Usivute kwa pete, usitumie koleo. Simamisha fimbo, mpini chini, gonga kitako chake juu ya ubao au juu ya soli ya kiatu, taratibu, mara nyingi, huku mkono ukiongoza kipande kiingie. Ikishindikana, mwagia maji ya uvuguvugu kipande cha nje tu, chenye kiungo, ili kitanuke kabla ya cha ndani. Mtu wa pili akisaidia kuzungusha, mikono iwe karibu kabisa na kiungo, kila upande sentimita 10. Kukunja kwa kawaida anza na kipande kinene cha karibu na mpini, malizia na ncha. Kabla ya hapo panguza kila kipande kwa kitambaa kibichi; mchanga ukishaingia ndani ya mpini fungua kifuniko cha kitako, toa vipande vyote kwa nyuma, uoshe kwa maji safi na uache vikauke kivulini. Baadhi ya vifurushi vina kifuniko kilichogandishwa kwa gundi. Hilo ni jambo la kuangalia dukani pia, maana fimbo isiyofunguka kitako haioshwi.

Pete ya ncha ikichomoka, ipashe joto kidogo kwa kibiriti kutoa gundi ya zamani, sugua ncha ya fimbo kwa msasa laini, upake gundi ya kuyeyusha au epoksi, uipange sawa na pete nyingine kabla haijakauka. Ncha ikivunjika sentimita 5, fanya vivyo hivyo kwenye mvunjiko kwa pete kubwa kidogo. Fimbo itakuwa ngumu zaidi, lakini itavua.

Kuingia majini kwa miguu ni kishawishi siku ya joto, na hapa kina kifupi kina hatari yake. Kichocho, yaani bilharzia, hukaa kwenye konokono wa maji yaliyotulia yenye majani, na vijidudu vyake vya aina ya utumbo hutoka kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, jua likiwa kali. Ni saa ileile ambayo mtu anatamani kupoza miguu. Buti za mpira zinazofika gotini zinatosha kwa maji ya kifundoni. Kwa zaidi ya hapo baki nje au kaa ndani ya mtumbwi. Aliyeloa ajipanguse papo hapo kwa taulo kavu, kisha baada ya wiki sita hivi aende kupima. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Mambo ya mamba na viboko waulize wavuvi wa palepale kabla ya kukaa, si baada.

Radi za kwanza za msimu huja mchana wa Oktoba na Novemba, mara nyingine kabla ya tone la mvua. Ukisikia ngurumo, laza fimbo chini na uondoke ukingoni. Kaboni hupitisha umeme. Hata ya nyuzi za kioo ikilowa si ya kuaminika. Vilevile usinyooshe fimbo ya aina yoyote chini ya nyaya kubwa za umeme zinazotoka Mwadingusha.

Samaki uliyempata ataharibika haraka kuliko unavyodhani. Wavu wa kuwaweka hai, unaouzwa pamoja na baadhi ya vifurushi, haufai mchana: kwenye maji ya ukingoni yenye joto samaki hufa mmoja mmoja bila wewe kujua na kuoza humohumo. Muue mara moja, toa matumbo na matamvua, muoshe, muweke kwenye barafu, kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Bila barafu, gunia la katani lililoloweshwa, limetundikwa kivulini penye upepo, linapunguza joto kwa kukauka kwake. Liloweshe tena kila linapokaribia kukauka, na samaki hao wapikwe jioni hiyo. Kwa samaki wa Tshangalele kuna sababu ya pili ya kutoa matumbo vizuri. Mto Panda hupita Likasi na kubeba uchafu wa viwanda vya shaba kabla ya kuingia Lufira, na metali hujikusanya zaidi kwenye ini, figo na matamvua kuliko kwenye nyama. Kichwa cha samaki huyo usikipikie mtoto mchuzi. Mabwawa ya upande wa Kipopo, ambako ufugaji wa tilapia ulianza kuchunguzwa tangu miaka ya 1940, hayako kwenye njia ya mto huo. Huko ni ruhusa ya mwenye bwawa unayohitaji.

Anayevua ukingoni pa bwawa la shamba tu, na ana mahali pa kuweka kitu kirefu, asinunue kifurushi. Akate mwanzi wa mita 4, aukaushe kivulini wiki tatu au nne, aunyooshe juu ya makaa, afunge uzi kuanzia katikati ya mwanzi na kuuzungusha hadi nchani, ili ncha ikivunjika samaki asiondoke na uzi wote. Pesa iliyobaki inunue nailoni nzuri na ndoano kumi kali. Anayepanda gari hadi Likasi na zaidi, achukue kifurushi cha mita 2.7 chenye kitako kinachofunguka, na aombe bobini ya pili juu ya bei: moja ya 0.25, nyingine ya 0.40 kwa kambale wa usiku. Muuzaji akisema haipo, aangalie ndani ya kifurushi cha jirani. Miline mingi ya umbo hilo hupokea bobini moja, hata kama jina lililoandikwa juu ni tofauti.